Gazi, kijiji kinachopima mikoko yake

Vyumba vya nyumba kongwe za Lamu ni virefu na vyembamba. Kuta ni nene, milango ina nakshi, lakini upana wa chumba ni mita mbili na nusu, tatu hivi. Sababu iko darini. Boriti ya mkoko ikizidi hapo haiwezi kubeba uzito wa mawe na chokaa, basi fundi alijenga kwa kipimo cha mti. Msomaji aliyeko Muscat au Bahrain akiingia nyumba ya zamani na kuinua macho, huenda akakuta vyumba vya upana uleule, kwa kuwa kwa karne nyingi boriti za Ghuba zilitoka pwani ya Afrika Mashariki, zikipakiwa majahazini na kusafirishwa msimu wa kusi.

Biashara hiyo ilikuwa na wataalamu wake. Wakataji walipanga miti kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Walihesabu kwa korija, yaani ishirini ishirini. Walijua kwamba mlilana husimama mbele kabisa, unakopigwa na bahari, na kwamba mbao zake ni za mataruma ya vyombo. Nyuma yake huja mkoko wenye mizizi ya kujishikiza kama miguu ya kaa, kisha muia na mkandaa. Mchu una tabia ya pekee: huota upande wa bahari, ukapotea katikati, kisha ukaonekana tena karibu na nchi kavu. Wanasayansi wameandika kuhusu jambo hilo katika majarida. Mkataji wa boriti alilijua kwa kulipita kila siku.

Elimu hii ndiyo inayopaswa kukumbukwa kila inaposemwa kwamba watu wa pwani "wajengewe uwezo" wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Uwezo mwingine ulikuwapo. Uliokosekana ulikuwa wa kupima, kuandika, kujadiliana na serikali na wanunuzi, na kushika hesabu ya fedha. Namna pande hizo mbili zilivyokutana inaonekana vizuri Gazi, kijiji cha kaunti ya Kwale, yapata kilomita 50 kusini mwa Mombasa.

Mikoko ya Gazi iliumia. Katika miaka ya 1970 ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwandani, na sehemu nyingine zikabaki tope tupu. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi mwaka 1982, lakini marufuku haioteshi mti. Miaka ya 1990, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, akiwemo James Kairo, walianza kupanda upya pamoja na wanakijiji. Shamba moja la mikoko lilipandwa mwaka 1994. Lilipofikisha miaka 12, miti yake ilipimwa ili kupata kanuni ya kukadiria uzito wa mti kutokana na unene wa shina.

Miaka kumi na miwili ya kungoja! Ufadhili wa miradi mingi huisha mara tatu au nne katika muda huo. Lakini bila kanuni ya namna hiyo hakuna anayeweza kusema msitu umehifadhi kaboni kiasi gani, na bila hesabu hiyo hakuna cha kuuza. Kairo mwenyewe alifika mbali: ripoti maalumu ya bahari na barafu ya jopo la kimataifa la tabianchi ilipotoka mwaka 2019, alikuwa mmoja wa waratibu watatu wa sura inayohusu bahari na jamii zinazoitegemea.

Umuhimu wa kujua mahali unaonekana zaidi pale ujuzi huo unapokosekana. Baada ya tsunami ya mwaka 2004, mikoko ilipandwa Sri Lanka kwenye zaidi ya hekta 1,000. Watafiti waliporudi kukagua walikuta takriban sehemu moja tu kati ya tano imefanikiwa. Kwingi, miche ilikuwa imewekwa mahali pasipofaa, kwenye maji mengi mno au udongo usio wake. Mkoko hauoti popote penye tope. Hata msitu uliokomaa unaweza kufa: mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta matope hadi Mwache, karibu na Mombasa, yakafunika mizizi inayopumua, na miti ikakauka.

Mwaka 2013 Gazi na jirani yake Makongeni walianza kuuza vyeti vya kaboni kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ambao hutajwa kuwa wa kwanza duniani wa aina hiyo kuendeshwa na jamii kwa msitu wa mikoko. Eneo lake ni hekta 117, nalo huhesabiwa kuzuia takriban tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Mapato ya miaka ya mwanzo yalikuwa kama dola 12,000 kwa mwaka, nayo yakaenda kwenye maji ya bomba, vitabu vya shule na mahitaji mengine yaliyochaguliwa na wanakijiji. Mivinje ilipandwa nchi kavu ili watu wapate kuni na fito bila kuingia msituni. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Fedha hizo si nyingi, na ni haki kulisema hilo kwa sauti. Vyeti vimekuwa vikiuzwa kupitia shirika la hisani la Scotland, na viwango vya kupimia vimewekwa mbali na Gazi. Kijiji kimejifunza kuhesabu msitu wake, lakini bei bado haiko mikononi mwake. Ujuzi unaofuata ni huo wa soko na mikataba, na hapo Waswahili walio London au Toronto, wenye taaluma ya sheria na fedha, wana la kufanya.

Wakati huohuo maarifa yamesogea. Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, zimeanzisha mradi wao kwenye zaidi ya hekta 400 kwa kufuata mfano wa Gazi. Kazi yenyewe huanza kwa kutazama mwezi. Bamvua likifika na maji yakitoka kabisa, wapimaji huingia na utepe, hutafuta mizizi ya juu kabisa ya mkoko, huzungusha utepe kwenye shina juu yake, huandika namba, kisha huenda mti wa pili. Bahari huwapa saa chache tu kabla maji hayajaanza kujaa.