Ubongo wa Mwanafunzi na Usiku wa Mtihani

Mitihani ya nusu mwaka ikikaribia, apitaye usiku mitaa ya Ngarenaro na Sakina, Arusha, huziona taa zikiwaka hadi karibu na alfajiri, na vijana waliojifunika mablanketi kwa baridi ishukayo kutoka Mlima Meru wakiyapitia madaftari yao mara ya nne na ya tano, kwa itikadi kwamba akeshaye zaidi ndiye afauluye zaidi.

Wataalamu wa elimu ya ubongo na nafsi wana rai nyingine. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa chuo kikuu kimoja cha mji wa St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi habari fupi waisome. Baadhi yao wakairudia kuisoma, wengine wakaifunika na kujaribu kuieleza bila kuitazama. Baada ya dakika 5 wale wa kwanza waliongoza, lakini juma lilipopita wenzao walikuwa wamewaacha nyuma, kwa kuwa kumbukumbu huimarika kwa kuitwa itoke. Na usingizi, ambao vijana wetu huudhani uvivu, una shughuli yake: mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton walibaini kwamba seli za hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo ihusikayo na kumbukumbu, zilizoamka pamoja panya alipokuwa akitembea, huamka pamoja tena akiwa amelala, kana kwamba anadurusu safari ya mchana.

Walimu wa vyuo vya Kurani hawakungoja maabara. Kwao mtoto hapewi aya mpya mpaka aisome ya jana kwa ghibu, ubao umegeuzwa. Tuliwadharau bure. Aibu yao, kama ipo, ni kwamba mtoto aweza kuhifadhi juzuu nzima asijue maana yake, na aibu hiyo hasa ndiyo tuliyoichukua tukaipeleka sekondari, ambako mwanafunzi wa shule ya serikali, baada ya miaka 7 ya kusomeshwa kwa Kiswahili, hufundishwa masomo karibu yote kwa Kiingereza. Ubongo hulishika jambo jipya kwa kulifunga na lile ulijualo tangu zamani. Mtoto wa Tengeru, aliyekulia migombani, anaujua mgomba uliokosa jua kwa kuutazama tu. Lakini somo la jinsi mimea ijitengenezeavyo chakula likimjia kwa lugha asiyoifahamu, halimkuti mgomba wake kichwani, naye hulikariri neno kwa neno, akalijibu Jumatatu, na Ijumaa limekwisha kumtoka.