Jua Linalohama na Nyuso za Majengo

Vitabu vingi vya upigaji picha za majengo vimeandikwa Ulaya na Marekani, na ushauri wake wa mwanzo unafanana: ukuta unaotazama kusini ndio wenye jua, wa kaskazini usahau. Chukua ushauri huo hadi Posta au Upanga, jijini Dar es Salaam, mwezi wa Julai. Utasimama mbele ya jengo zuri linaloelekea kusini, utalikuta limenuna kivulini tangu asubuhi hadi jioni, na utarudi nyumbani ukidhani kamera yako ni mbovu. Kamera ni nzima. Kitabu kinazungumzia jua la London, ambako adhuhuri ya siku yoyote ya mwaka jua huwa kusini. La kwetu linahama.

Dar es Salaam iko takriban nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la saa sita na ushei hupita utosini kabisa, na nguzo ya taa hukosa kivuli. Kati ya Machi na Oktoba jua la mchana liko upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki liko kusini. Anayeona tabu kukumbuka tarehe ashike pepo. Kaskazi inapovuma, jua liko kusini. Kusi inapovuma, jua liko kaskazini. Wala si bahati nasibu: jua likihamia kusini huipasha moto nchi kavu ya huko, hewa yake hupanda, na hewa ya kaskazini huvutwa kuziba pengo. Pepo zilezile zilizoleta majahazi kutoka Oman na Bara Hindi ndizo zinazomwambia mpiga picha ukuta gani una mwanga.

Tuchukue Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lililojengwa na Wajerumani kati ya 1898 na 1902. Upande wake wa bandarini unaelekea kusini-mashariki hivi. Januari, saa mbili na nusu asubuhi, ukuta ule mweupe unawaka wote na vigae vyekundu vinakolea rangi. Juni, saa ileile, jua limesogea kaskazini na linauchungulia ukuta kwa ubavu tu. Wengi wangesema Januari ndiyo bora. Mimi napenda ya Juni, kwa sababu mwanga wa ubavu hufichua kila kilichotokeza: kingo za madirisha, nakshi, hata lipu iliyorudiwa mara kadhaa. Na ukiinua macho utaona juu ya madirisha vipaa vidogo vya vigae. Watu waliotoka nchi ya theluji walielewa mapema kwamba hapa dirisha linahitaji kofia.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Katika jua hili, jengo linalotoka vizuri pichani ni lile lililochorwa na mtu aliyeliogopa jua. Picha ni kitu bapa, na kinachoufanya ukuta uonekane una kina ni kivuli. Kila mbinu anayotumia msanifu kulikimbia jua, iwe ni slabu iliyotokeza, roshani iliyorudi ndani, au matofali ya matundu, inachora mstari mweusi ukutani, na mistari hiyo ndiyo picha.

Hesabu yake si ngumu. Juni, adhuhuri, jua la Dar liko nyuzi 60 juu ya upeo wa macho, upande wa kaskazini. Slabu iliyotokeza mita 1 juu ya dirisha la upande huo inashusha kivuli cha mita 1.7, kinachotosha kulifunika dirisha la kawaida. Desemba, upande wa kusini, jua liko nyuzi 73, na slabu ileile inashusha kivuli cha zaidi ya mita 3, yaani ghorofa nzima. Kuta za kaskazini na kusini, basi, zinalindwa kwa gharama ndogo. Kesi ngumu ni mashariki na magharibi. Huko jua linakuja chini, linapita chini ya slabu kama haipo, linaingia hadi kitandani. Dawa yake ni vipande vyembamba vya zege vilivyosimama wima na kukaa mshazari, au ukuta mzima wenye matundu madogo.

Wasanifu wazuri wa miaka ya 1950 na 1960 walizijua hesabu hizi, maana viyoyozi vilikuwa vichache na ghali. Mmoja wao alikuwa Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1921 aliyesomea usanifu Bombay kisha akarudi kufanya kazi mjini kwao. Kikanisa cha pamoja cha Wakristo pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni kazi yake. Lakini huhitaji jina kubwa. Zunguka Upanga na Kisutu, uangalie zile nyumba za ghorofa tatu nne ambazo wenyewe waliandika jina na mwaka juu kabisa ya paa. Ninayoipenda zaidi ina slabu tatu zilizotokeza kama mkono mmoja, rangi ya krimu iliyobabuka, na ngazi iliyofunikwa kwa matofali ya matundu kutoka chini hadi juu. Jioni jua likipenya kwenye matundu yale, kila kidato cha ngazi kinapata safu ya miraba ya mwanga, na miraba hiyo inapanda taratibu kadiri jua linavyoshuka. Mtu akipita na ndoo, miraba inamtambaa mgongoni.

Ngazi ile nilielekezwa na mlinzi wa getini.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Unapiga nini hapo?”

“Jengo tu, mzee. Hayo matundu ya ngazi.”

Akaniangalia, akaliangalia jengo. “Saa hizi hupati kitu. Njoo saa kumi, mimi nikiwa kule,” akanionyesha upande wa pili wa geti.

Kiti cha mlinzi ni kipimo bora cha jua kuliko programu yoyote ya simu. Asubuhi kiko magharibi mwa jengo, alasiri kimehamia mashariki, na ukikikuta mahali pamoja kutwa nzima ujue hapo pana kivuli cha kudumu, jambo linalomsifu aliyechora. Muuza magazeti, fundi viatu na mama ntilie nao wana ramani hiyo kichwani. Kabla ya kutoa kamera, uliza. Mara tisa kati ya kumi utaruhusiwa, na mara nyingine utapewa na historia ya nyumba. Ikulu, kambi, bandari na vituo vya polisi ni habari nyingine. Huko kamera ikae mkobani.

Majengo mengine hayana uso wa kusini wala wa kaskazini. Mnara wa KICC jijini Nairobi, uliochorwa na Mnorwe Karl Henrik Nøstvik na kukamilika mwaka 1973, una urefu wa mita 105 na umbo la mviringo. Saa yoyote utakayofika kuna upande wenye mwanga na upande wenye giza, na katikati mwanga unafifia hatua kwa hatua. Ni vigumu kuuharibu, hata kwa simu ya bei ya chini. Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lilifuata njia nyingine. Beda Amuli, mmoja wa wasanifu wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, hakuhangaika na kuta. Aliweka juu miavuli ya zege iliyopinduliwa, inayokinga jua na kukusanya maji ya mvua, akaacha upepo upite chini yake. Soko lilifunguliwa mwaka 1975. Lilipoungua Julai 2021, watu walihangaika kutafuta picha zake za zamani, na nyingi zilizopatikana zilikuwa za nyanya na vitunguu. Paa lilikuwa limepigwa na wachache.

Unguja sheria zote hizi zinapinduka. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba na nyumba zake ni ndefu, kwa hiyo asubuhi na jioni, saa zinazosifiwa na kila mwalimu wa picha, jua linagusa paa tu na chini kunabaki giza. Kamera haiwezi kuyabeba yote mawili: ukiipima kwa chini, mbingu inaungua, ukiipima kwa juu, mlango uliouendea unakuwa shimo jeusi. Nenda kati ya saa tano na saa nane. Jua linatumbukia kichochoroni, linagonga ukuta mmoja wa chokaa, na ukuta huo unaumulikia wa pili. Mlango wa nakshi ulio kivulini unapata mwanga laini ambao studio ingeulipia taa mbili.

Ukiwa huko angalia pia vipimo. Vyumba vya nyumba za kale za mwambao, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ni virefu na vyembamba, kwa kawaida upana wa mita mbili na nusu hadi tatu. Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ndefu kuliko hapo hailibebi zege la mawe na chokaa bila kupinda. Mti wa pwani ndio uliopanga upana wa chumba. Mwaka 1883 Sultani Barghash alipojenga jumba la Beit al-Ajaib hapo Unguja aliweza kuupita mpaka huo kwa sababu alileta chuma: nguzo ndefu nyembamba zilizozunguka pande zote na kubeba baraza pana ghorofa juu ya ghorofa. Baraza zile zilikuwa kivuli kitupu, na ndizo zilizolifanya litoke vizuri pichani kutoka baharini saa zote. Sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili walipoteza maisha. Tangu hapo nimekuwa mkali zaidi na vijana wanaoniambia majengo ya zamani yameshapigwa sana. Yamepigwa kwa mbele. Nani ana picha ya ngazi, ya dari, ya kona ya nyuma ambako maji yalikuwa yanavuja?

Kuhusu mistari inayolala nitasema kifupi. Ukiinua kamera kuelekea juu ili jengo lote liingie, kuta zinaegemeana kileleni. Weka kamera wima sawasawa na ukuta, rudi nyuma, kisha kata barabara iliyozidi chini ya picha. Kama hakuna nafasi ya kurudi nyuma, na Kariakoo haipo, omba kupanda ghorofa ya pili ya jengo la ng’ambo. Programu za simu zinanyoosha mistari baadaye, ila zinarefusha jengo likafanana na mtu aliyevuta shingo.

Jambo jingine ambalo vitabu vya ughaibuni vinatudanganya ni jioni. Huko mwanga wa dhahabu unaelezwa kama muda wa kutembea na kuchagua. Hapa jua linashuka karibu wima. Kutoka nyuzi 6 juu ya upeo hadi kuzama ni kama dakika 25. Baada ya hapo mbingu inabaki na mwanga kwa dakika 20 na kidogo, wakati London mwezi wa Juni wanapata zaidi ya 40. Kwa Dar jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika hamsini, kutegemea mwezi. Adhana ya magharibi ndiyo kengele. Ikianza, uwe umeshafunga kamera kwenye stendi na umeshachagua sehemu, maana dakika ya kumi hadi ya ishirini baada yake ndipo taa za ndani na buluu ya mbingu zinalingana nguvu. Ikipita hapo, mbingu ni nyeusi na madirisha ni madoa.

Saa hiyo ndiyo pekee ninayoyasamehe majengo ya vioo. Yakiwaka kwa ndani, yakitazamwa kutoka upande wa Kigamboni, yanaipa Dar sura ya jiji kubwa, na sina ugomvi na sura hiyo. Mchana ni kazi bure. Ukuta wote uko kwenye usawa mmoja, hauna kitu kilichotokeza wala kilichorudi ndani, kwa hiyo hauna kivuli. Unarudisha mbingu na kumpofusha dereva wa bodaboda. Joto unaloliingiza linatolewa na viyoyozi, na mashine zake zimepangwa upande wa nyuma ambako mpiga picha wa kampuni haendi. Mimi naenda. Pale nyuma, na kwenye maghorofa mapya ya Kariakoo, wapangaji wamejiongezea wenyewe kile ambacho mchoro ulikisahau: bati limetundikwa juu ya dirisha la magharibi, turubai limefungwa roshani, pazia la khanga limetolewa nje ya kioo. Ni usanifu wa dharura, na kila kipande kimewekwa mahali hasa ambapo jua linaingia. Ukivipiga mwezi wa Juni na tena Desemba utaona vingine vimehamishwa.

Halafu kuna picha moja ambayo kila mtu mjini ameiona: ile ya kompyuta iliyobandikwa kwenye uzio wa mabati wa eneo la ujenzi, ikionyesha jengo litakavyokuwa. Nina tabia ya kusimama mbele yake na kutafuta jua liko wapi. Mara nyingi linaumulika ukuta wa mbele na wa pembeni kwa pamoja, vivuli vya miti vinaelekea upande mmoja na vya watu upande mwingine, na hakuna hata dirisha moja lenye kipaa. Meneja wa mradi akitokea getini, swali langu kwake huwa ni moja tu: hapa ni mwezi wa ngapi?