Kiingereza cha Sinema: Kutazama Si Kujifunza

Bila shaka umepata kuliona jambo hili nyumbani kwako au kwa jirani. Ni Jumapili baada ya chakula cha mchana, na watoto wamejipanga mkekani wakitazama sinema ya Kiingereza. Jambazi akianguka, wanapiga makofi. Gari likiruka mto, wanashangilia. Sinema ikiisha, mwulize kijana wako wa Kidato cha Kwanza wale watu wawili walikuwa wakigombania nini. Atakueleza vizuri nani alimpiga nani. Waliyosemezana hayajui.

Jambo hili si dogo. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia sekondari na kukuta hisabati, jiografia na baiolojia zote zinafundishwa kwa Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Clive Criper na William Dodd, waliichunguza hali hiyo hapa Tanzania, wakaona kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kuyabeba masomo yao. Mjadala juu ya lugha ya kufundishia haujakwisha hadi leo, nao una hoja nzito. Lakini mtihani haungoji mjadala umalizike. Ndiyo maana wazazi wengi hujipa moyo wakisema: “Mwache atazame, atakishika tu.” Je, atakishika?

Sinema inacho kitu ambacho kitabu hakina, nacho ni sauti ya lugha inavyosemwa kweli. Kitabuni mwanafunzi husoma “want to” kama maneno mawili. Katika sinema masikio yake husikia “wana”. Asiyezoea mkato huo hudhani anasikia lugha nyingine kabisa. Aidha, picha humsaidia kukisia maana, kwani huuona uso wa msemaji, mkono wake na mahali alipo.

Lakini sikio halifunguki kwa kukaa tu. Mwaka 2009 wataalamu Holger Mitterer na James McQueen walitoa matokeo ya jaribio lililofanywa na Waholanzi wanaojua Kiingereza. Walionyeshwa picha zenye matamshi wasiyoyazoea, ya Waskoti na ya Waaustralia. Waliosoma chini ya picha maandishi ya Kiingereza waliyazoea matamshi hayo vizuri zaidi. Maandishi ya Kiholanzi hayakuwapa msaada wa namna hiyo, pengine yaliwazuia. Sababu yake si ngumu kuielewa. Maandishi ya lugha ileile huliambia sikio ni neno gani limetamkwa. Maandishi ya lugha yako hukupa maana, na sikio likapata ruhusa ya kulala. Hata yule mtafsiri wetu hodari wa vibanda vya video, ambaye sauti yake ya Kiswahili huifunika sauti ya wachezaji, hutuburudisha sana, lakini Kiingereza hatufundishi.

Basi afanyeje mwanafunzi? Achague kipande cha dakika tatu tu, chenye mazungumzo na si mapigano. Kwanza akitazame bila sauti, akisie watu wanasema nini. Pili afungulie sauti bila maandishi. Tatu aongeze maandishi ya Kiingereza, aandike daftarini sentensi tano, na kuzitamka kwa sauti pamoja na mchezaji, akimwiga kupanda na kushuka kwake. Mwisho ayaondoe maandishi na kusikiliza tena. Dakika tatu zilizorudiwa mara nne zina faida kuliko saa mbili zilizopita kama upepo.

Achague pia kwa busara. Katika sinema “My Fair Lady” ya mwaka 1964, iliyotokana na mchezo wa Bernard Shaw, Profesa Higgins anamfundisha Eliza, msichana muuza maua wa London, kusema Kiingereza cha mabwana. Kuna mafunzo mawili humo. La kwanza ni kwamba Eliza hafaulu kwa kusikiliza tu; hurudia na kurudia hadi usiku wa manane. La pili ni kwamba Kiingereza cha mtaani alichokulia Eliza ni Kiingereza halisi, lakini si kile kinachotakiwa katika karatasi ya mtihani. Ndivyo ilivyo kwa sinema nyingi za majambazi: kijana anaweza kutoka humo akiwa hodari wa matusi, na barua ya kuomba kazi ikamshinda.

Huenda wewe, mzazi, ukasema: “Mimi Kiingereza sikijui, nitamsimamiaje?” Unaweza, tena vizuri sana. Baada ya kile kipande cha dakika tatu, mwambie mwanao akueleze kwa Kiswahili fasaha nani alisema nini, na kwa sababu gani. Akibabaika, akitazame tena. Akikueleza ukaelewa, jua kwamba naye ameelewa. Kwa njia hiyo Kiswahili chetu hakitakuwa kizuizi cha elimu, kama wengine wanavyodhani, bali kitakuwa mizani ya kuipimia. Na ile televisheni, badala ya kuwanyamazisha watoto, itawafanya waseme.