Mwanamke Aliyeogopa Herufi na Mkutano wa Waandishi Ufukweni

Katika pwani ya California, nchini Marekani, mwezi wa Juni hauingii na jua kali kama mgeni anavyotazamia. Ukungu mzito hupanda kutoka baharini usiku, ukafunika mitende na mapaa ya nyumba, na aghalabu hauondoki mpaka karibu na adhuhuri. Ni katika majira hayo, tangu miaka ya mwanzo ya 1970, mji wa Santa Barbara ulipoanza kupokea wageni wa namna ya pekee. Hawaji kuogelea. Kila mmoja amekumbatia bahasha ya karatasi kifuani, kama mama anayempeleka mtoto wake wa kwanza kliniki, na usoni ana wasiwasi ule ule: daktari atasema nini?

Hao ndio wanaohudhuria Mkutano wa Waandishi wa Santa Barbara. Wachache miongoni mwao wamekwisha kuchapisha vitabu. Wengi ni watu wa kazi nyingine kabisa, walioandika usiku jikoni baada ya watoto kulala, kisha wakayaficha maandishi yao ndani ya mtoto wa meza, chini ya risiti na barua za zamani, wasije wakachekwa na jamaa zao wenyewe.

Mwanzilishi wa mkutano huo, Barnaby Conrad, hakufanana hata kidogo na ile picha ya mwandishi mnyonge mwenye miwani minene. Alizaliwa San Francisco mwaka 1922. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa makamu wa balozi mdogo wa Marekani huko Hispania, na huko huko akajifunza kupambana na mafahali uwanjani mbele ya halaiki ya watu. Mwaka 1947 alikuwa katibu wa Sinclair Lewis, Mmarekani wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Riwaya yake iitwayo Matador, iliyotoka mwaka 1952, ilimpatia jina na fedha. Na mwaka 1958 fahali mmoja alimpiga pembe nusura amuue. Pengine ndiyo maana hakuona ajabu watu wazima wakitetemeka mbele ya kurasa tano za karatasi.

Mikutano ya kwanza ilifanyika katika shule moja ya bweni juu ya kilima huko Carpinteria, karibu na Santa Barbara. Baadaye ikahamia hoteli ya Miramar, iliyokuwa na mapaa ya rangi ya buluu ukingoni mwa bahari. Reli ya pwani ilipita papo hapo, kati ya nyumba za wageni na ufuko. Hoteli ile ya zamani ilifungwa mwaka 2000, na hivi sasa mahali pake pana hoteli nyingine mpya ya matajiri.

Wanaohudhuria hulipa ada, na wiki yao si ya mapumziko. Asubuhi na alasiri hugawanyika katika madarasa madogo: hadithi fupi, riwaya, mashairi, vitabu vya watoto, habari za maisha. Jioni huja hotuba ya mwandishi mashuhuri. Kisha, watu wenye busara wakisha kwenda kulala, yaani kuanzia saa tatu za usiku, hufunguliwa madarasa yaliyopewa jina la maharamia. Humo hakuna hotuba. Huketi watu duara, mmoja husoma, wengine husikiliza na kusema waliloliona, kisha zamu humfikia mwingine, mpaka saa nane au saa tisa za usiku. Asiyekuwa na subira ya kusikiliza kazi za wenzake hana haja ya kwenda huko.

Yafaa ielezwe kwa nini husoma kwa sauti. Jicho ni shahidi mwenye upendeleo. Mwandishi akiisoma kazi yake kimya, huona kile alichokusudia kukiandika, wala si kile alichokiandika. Lakini akiitamka mbele ya watu ishirini asiowajua, huisikia mara moja sentensi iliyorefuka bila faida, na huona pale wasikilizaji wanapoanza kutazama saa zao. Hali kadhalika huona pale wanapoacha kukohoa. Tena liko jambo moja ambalo sikio halilijui kabisa, nalo ni makosa ya kuendeleza maneno. Herufi iliyokosewa haisikiki.

Jambo hilo dogo lilikuwa kubwa mno kwa mwanamke mmoja aliyefika kwenye mkutano huo katika miaka ya 1970. Jina lake ni Fannie Flagg, mzaliwa wa Birmingham katika jimbo la Alabama, mwaka 1944. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Patricia Neal, lakini alipoingia katika uigizaji alikuta mwigizaji mwingine maarufu mwenye jina hilo hilo, ikambidi achague lingine. Wamarekani walimfahamu sana kwa uchekeshaji wake katika mchezo wa televisheni ulioitwa Match Game, ambamo wageni waalikwa huandika majibu yao kwenye kadi na kuzionyesha mbele ya kamera.

Na hapo ndipo palipokuwa na fedheha yake. Kadi hizo zilionwa na nchi nzima, na maneno yaliyoandikwa juu yake mara nyingi yalikosewa. Watazamaji walicheka wakidhani ni sehemu ya mzaha. Mwalimu mmoja aliyekuwa akitazama hakucheka. Alimwandikia barua kumweleza kwamba makosa yale yalikuwa na mpangilio, na kwamba huenda alikuwa na hali iitwayo disleksia, ambayo humfanya mtu ataabike kutambua na kupanga herufi ingawa akili yake ni timamu na pengine ni kali kuliko ya wenziwe. Mtu huyo alikuwa amekwisha kuvuka umri wa miaka thelathini. Utoto wake wote shuleni aliupitisha akiamini kwamba yeye ni mjinga.

Ni vigumu kwa aliyejifunza kusoma bila taabu kufahamu uzito wa jambo hilo. Wako baba na mama wengi waliomwadhibu mtoto kwa kuchanganya herufi, wakiita uvivu, na mtoto akakua akiwa na hakika kwamba vitabu ni vya watu wengine. Flagg alitamani kuandika tangu utotoni. Kilichomzuia hakikuwa kukosa hadithi. Alihofu kwamba mtu angeuona ukurasa wake.

Katika mkutano kulikuwa na mashindano ya hadithi fupi. Flagg aliamua kuingia, na akabuni hila ambayo mtu aweza kuiita ya kijanja au ya kukata tamaa, kwa kuwa ilikuwa na yote mawili. Aliandika hadithi yake kwa sauti ya msichana wa miaka kumi na moja. Msichana wa umri huo hategemewi kuendeleza maneno sawasawa; kwa hiyo kila kosa la mwandishi lingehesabiwa kuwa kosa la mtoto, limewekwa makusudi. Akaficha aibu yake mahali pa wazi.

Alipewa tuzo ya kwanza.

Siri ya hila ile ni kwamba ilimletea zaidi ya maficho. Mtoto wa miaka kumi na moja huona mambo ambayo wakubwa wamekubaliana kutoyaona: baba anayekunywa pombe, mama aliyechoka, majirani wenye maneno mawili. Tena huyasema bila pambo. Hivyo sauti iliyochaguliwa kwa woga ikatokea kuwa ndiyo sauti iliyomfaa. Hadithi ile ikakua, ikawa riwaya yenye sura ya shajara ya msichana wa Mississippi, ikachapishwa mwaka 1981 kwa jina la Coming Attractions. Mwaka 1987 akatoa nyingine, Fried Green Tomatoes at the Whistle Stop Cafe, ambayo ilifanywa filamu mwaka 1991. Naye alishiriki kuandika mswada wa filamu hiyo, ukateuliwa kuwania Tuzo ya Oscar. Maneno aliendelea kuyakosea. Katika kila nyumba ya uchapishaji yuko mtu anayelipwa mshahara kwa kazi ya kuyasahihisha.

Msomaji aliyevaa sare huenda akauliza mambo haya yanamhusu nini. Basi na awatazame wengine waliopita katika mkutano huo. Charles Schulz, mchora katuni aliyemuumba mbwa Snoopy, alikuwa miongoni mwa wahudhuriaji wake wa miaka mingi. Mwaka 1943 aliitwa jeshini akiwa kijana wa miaka ishirini, na mama yake akafariki dunia kwa saratani siku hizo hizo za mwanzo za utumishi wake. Alikwenda vitani Ulaya na Divisheni ya 20 ya Vifaru, akarudi akiwa sajenti. Upweke wa kambini hakuusahau, na asomaye katuni zake kwa makini atauona chini ya kicheko. Snoopy wake hukaa juu ya paa la kibanda akipiga mashine ya chapa, na hupokea barua za wahariri za kumkatalia. Waandishi wa Santa Barbara walizicheka katuni hizo kwa sababu barua za namna hiyo walikuwa nazo nyumbani.

Mwingine ni Kenneth Millar, mkazi wa mji huo, aliyeandika hadithi za upelelezi kwa jina la Ross Macdonald. Alikuwa ofisa wa mawasiliano katika jeshi la majini la Marekani tangu mwaka 1944 hadi 1946, na aliandika hata alipokuwa melini. Mkewe, Margaret Millar, naye alikuwa mwandishi wa riwaya za namna hiyo. Wawili katika nyumba moja, kila mmoja na mlango wake wa kufunga. Mwandishi Eudora Welty wa Mississippi, aliyekuwa akiandikiana barua na Millar kwa miaka, alifika kwenye mkutano mwaka 1975 na tena mwaka 1977.

Upo pia mfano wa Alex Haley, ambao askari wote yawapasa kuufahamu. Aliingia katika Walinzi wa Pwani wa Marekani mwaka 1939 akiwa mtumishi wa mezani, kazi ambayo wakati huo ilikuwa karibu ndiyo pekee waliyoachiwa watu weusi melini. Katika safari ndefu za Bahari ya Pasifiki wakati wa vita, wenzake walimwomba awaandikie barua za mapenzi kwa wachumba wao, wakamlipa. Huko ndiko alikosomea uandishi. Alistaafu mwaka 1959 baada ya miaka ishirini, na kitabu chake Roots kikatoka mwaka 1976.

Lakini aliyekuwa kama baba wa mkutano wa Santa Barbara, baada ya Conrad mwenyewe, ni Ray Bradbury. Kwa miongo kadhaa ndiye aliyetoa hotuba ya ufunguzi. Alipomaliza shule ya sekondari wazazi wake hawakuwa na fedha za chuo, akauza magazeti kwenye kona ya barabara mjini Los Angeles na kwenda maktaba siku tatu kila wiki kwa miaka kumi. Hiyo ndiyo iliyokuwa shahada yake. Katika miaka ya mwanzo ya ndoa, mkewe Marguerite ndiye aliyekwenda kazini kutafuta chakula ili mumewe aandike.

Kisa chake kimoja chafaa kusomwa na kila mwenye watoto wadogo. Alikuwa akiandikia katika banda la gari la nyumbani, lakini binti zake walikuja dirishani kumwita acheze nao, naye hakuweza kuwakatalia. Ofisi ya kupanga ilikuwa ghali. Hatimaye akagundua kwamba chini ya maktaba ya Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles palikuwa na mashine za chapa za kukodi, senti kumi kwa nusu saa. Akajaza sarafu mfukoni, akashuka huko siku baada ya siku, mashine ikihesabu dakika mbele yake. Andiko la kwanza la kitabu ambacho mwaka 1953 kilikuja kuitwa Fahrenheit 451 lilimgharimu dola 9 na senti 80. Msomaji akipiga hesabu ataona kwamba ni saa 49 tu.

Kwa wanafunzi alikuwa na agizo moja alilolirudia mara nyingi: waandike hadithi fupi moja kila wiki kwa mwaka mzima, kwa kuwa haimkini mtu akaandika hadithi 52 mbaya mfululizo. Wapo waliolitii na wapo waliocheka.

Bradbury alifariki mwezi wa Juni 2012, na Conrad mwezi wa Februari 2013. Kabla ya hapo mkutano wenyewe ulikuwa umesimama kwa muda, watu wakidhani umekwisha. Aliyeufufua ni Monte Schulz, mwana wa yule sajenti mchora katuni, naye pia ni mwandishi wa riwaya. Ukafanyika tena mwaka 2011. Madarasa ya maharamia yalirudi pamoja nao. Orodha ya majina huandikwa mwanzoni mwa usiku, na mwenye zamu ya mwisho hukaa akizikunja na kuzikunjua karatasi zake mpaka aitwe, na huko nje ukungu unakuwa umekwisha kurudi kufunika bahari.