KIPINDI CHA 14: MTOTO ANAPOSEMA, "MAMA, MIMI SI MSICHANA"

Vuta kiti, punguza kelele za nyumba, tuzungumze jambo ambalo wazazi wengi hulibeba moyoni bila kumwambia mtu.

Je, utafanya nini kijana wako wa miaka 15 akikwambia kwamba uliyemlea kama msichana hajioni kuwa msichana? Au mvulana wako akisema tangu utotoni amejihisi msichana? Wengine husema hawajihisi kuwa mume wala mke. Watu ambao hisia zao za ndani hazilingani na jinsia waliyopewa walipozaliwa huitwa transijenda.

Tusichanganye mambo. Mtoto wa kiume kupenda kupika au kucheza na wanasesere, au msichana kupenda mpira, hakuonyeshi kuwa ni transijenda. Watoto hucheza. Tunayemzungumzia ni yule anayesema jambo hili kwa muda mrefu, tena kwa uchungu, hasa mwili unapoanza kubadilika wakati wa kubalehe. Pia kuna watoto huzaliwa na maumbile yasiyo wazi kuwa ya kike au ya kiume. Hao ni watoto wenye jinsia mbili, nalo ni suala tofauti.

Je, ni ugonjwa wa akili? La. Shirika la Afya Duniani lilipitisha orodha mpya ya magonjwa mwaka 2019, ikaanza kutumika Januari 2022. Katika orodha hiyo, hali hii iliondolewa katika kundi la magonjwa ya akili. Je, ni malezi mabaya? Majirani watakwambia, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Lakini mama, hukumfundisha mtoto wako jambo hili, wala kiboko hakitalitoa.

Kinachomwumiza kijana zaidi ni kukataliwa. Kijana anayechekwa shuleni na kutukanwa nyumbani hushuka moyo, hukosa usingizi, huacha masomo. Wengine hufikiria kujiua. Akifukuzwa nyumbani, analala wapi? Huko nje wako wanaongoja kumtumia vibaya, na hatari ya kupigwa, kubakwa na kuambukizwa virusi vya UKIMWI huongezeka. Basi unaweza kufanya nini?

Kwanza, msikilize. Usimkatize. Mwambie, "Wewe ni mwanangu, na hapa ni kwenu." Huhitaji kuelewa yote siku hiyo.

Pili, tunza siri yake. Usiitangaze katika chama, kwa jamaa wala kwa majirani. Muulize ni nani angependa ajue.

Tatu, mlinde asipigwe. Usikubali mtu amfungie, amnyime chakula au amwoze kwa nguvu ili "arekebike". Kifungu cha 53 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinamlinda kila mtoto dhidi ya kuteswa, kutelekezwa na mila zenye madhara. Hakikuchagua mtoto gani.

Nne, angalia mwili wake kwa upole. Wasichana wengine hujifunga kifua kwa bendeji ili matiti yasionekane. Bendeji ikikaza huumiza mbavu na kuzuia pumzi, na haifai kulala nayo. Sidiria ya michezo isiyobana au shati pana ni afadhali. Wengine hununua homoni au vidonge vya kupanga uzazi kwenye kemisti na kuvimeza kwa wingi. Hilo ni hatari, kwani damu inaweza kuganda miguuni au mapafuni. Homoni ni kazi ya daktari, baada ya vipimo. Mtoto ambaye hajabalehe hahitaji dawa yoyote kwa ajili ya hali hii. Anahitaji subira yako.

Tano, tafuta msaada. Anza na mshauri nasaha katika kituo cha afya au hospitali ya kaunti. Namba 116 ni simu ya watoto, haina malipo, hupokelewa usiku na mchana. Namba 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya pia haina malipo, na mtu mzima kama wewe anaweza kupiga na kuzungumza na mshauri. Kijana akisema anataka kufa, usimwache peke yake. Ondoa karibu naye dawa za kuulia wadudu, vidonge na kamba, kisha mpeleke hospitali mara moja.

Huenda unauliza, "Mtoto wangu atakuwa na maisha gani?" Mkumbuke Audrey Mbugua. Alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2001 kwa jina la kiume, na cheti chenye jina hilo kikamletea shida alipokuwa mtu mzima. Alikwenda kortini, na Oktoba 2014 Mahakama Kuu ikaagiza baraza la mitihani limpe cheti chenye jina lake jipya, kisicho na alama ya jinsia. Njia ni ndefu, lakini haijafungwa.

Labda imani yako inakupa maswali mengi. Uliza maswali hayo, omba, lia ukitaka. Lakini usimfungie mlango mtoto ukisubiri majibu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na ni wewe atakayekutafuta kwanza.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI
1. Katika kijiji au mtaa wetu, kijana wa aina hii akifukuzwa leo, ataenda wapi?
2. Mama mwenzetu akituletea jambo hili, tutamsaidiaje bila kueneza siri yake?
3. Ni nani katika kituo chetu cha afya tunayeweza kumwendea?

Ni hayo kwa leo, mama. Andika namba hizi mbili ukutani: 116 na 1199. Hadi kipindi kijacho, kwaheri.