Injini ya 504 ikigonga, usikimbilie kuishusha

Mwenye Peugeot 504 akisikia injini inagonga, kitu cha kwanza kumjia kichwani ni gharama ya ovahoo. Fundi naye mara nyingi huwa ameshashika spana kabla ya kuuliza lolote. Hii ni gari iliyoanza kuuzwa 1968, ikampa Ove Andersson ushindi wa Safari Rally mwaka 1975, na kwa miaka mingi ikasomba abiria wa masafa marefu nchini Kenya. Haifai kufunguliwa kwa kubahatisha. Kabla ya kutafuta inagonga wapi, jua kwanza inagonga lini.

Ikigonga asubuhi tu, kisha mlio ukapotea injini inapopata moto, shaka iangukie pistoni. Imelika na inayumba ndani ya silinda hadi joto liitanue. Gari la namna hiyo linaweza kutembea muda mrefu, mradi oili iangaliwe. Mlio mwembamba wa haraka juu ya injini, usiobadilika ukipanda au ukishuka mlima, mara nyingi ni tapeti zinazotaka kusetiwa upya. Hiyo ni kazi ya saa chache.

Ikigonga unapokanyaga mafuta mlimani, mlio mkali kama changarawe ndani ya kopo, hapo chuma huenda bado ni kizima. Mafuta ndiyo yanayolipuka vibaya: sehemu ya mchanganyiko inajiwasha yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Chanzo huwa taimingi iliyosogezwa mbele mno, masizi juu ya pistoni, gasketi ya kabureta inayovuta hewa, au petroli hafifu. Kwenye gari la umri huu, angalia pia springi ndogo zilizomo ndani ya distribyuta. Zikilegea, cheche hutangulia hata kama taimingi ilisetiwa vizuri gari likiwa limesimama.

Wenye magari ya Nairobi wana mtego wao. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya tano. Injini huvumilia taimingi ya mbele huko, tena gari huonekana lina nguvu. Lishushe Mombasa, silinda zijae hewa nzito, na kufika kilima cha Mazeras wakati wa kurudi utasikia kelele. Dawa ni kulegeza nati ya distribyuta na kuizungusha kidogo kufuata upande inakozunguka rota, ili cheche ichelewe.

Zamani risasi ndiyo iliyotuliza kelele hiyo. Thomas Midgley wa General Motors aligundua mwaka 1921 kwamba ikichanganywa na petroli inazuia injini kugonga. Ilikuwa sumu, na kufikia Januari 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeiacha, katika kampeni iliyoongozwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Gigiri. Kwa hiyo taimingi ya kitabu cha zamani ichukuliwe kama mahali pa kuanzia tu. Petroli ya leo ndiyo itakayoamua.

Unaobaki ni mlio wa kutisha: mzito, wa chini, unaozidi injini ikipata moto na oili ikawa nyepesi. Kwanza kagua puli ya krenki na pampu ya mafuta, maana zikilegea huiga mlio huo. Kisha zima injini, chomoa waya wa plagi moja na kuugusisha kwenye chuma cha injini, washa tena usikilize. Rudia kwa silinda zote nne. Mlio ukififia kwenye silinda fulani, beringi ya konrodi hiyo imekwisha: pistoni haisukumwi tena na moto, kwa hiyo haiigongi krenki kwa nguvu. Mwaga oili kwenye beseni safi uitazame juani. Chembe zinazometa ni ushahidi wa pili.

Hapo ndipo sampu inapofunguliwa, na gari lisiendeshwe tena, hata hadi gereji, livutwe. Beringi ikiwahiwa, huenda ukabadilisha beringi peke yake. Ikicheleweshwa, krenki itakwaruzika, na konrodi ikikatika inaweza kutoboa bloku. Bloku ya 504 iliyotobolewa haizibiki kwa bei ya beringi.