Macho ya Manjano Wakati wa Kunywa Dawa ya Kifua Kikuu

Ikiwa unakunywa dawa ya kifua kikuu, au unamtunza mgonjwa nyumbani, soma maneno haya polepole.

Katika vijiji vya Masisi na Walikale, mtu akiwa na macho ya manjano, watu husema upesi kwamba amepewa karuho. Jirani hutajwa, jamaa hugombana, na mgonjwa hupelekwa kutapishwa. Siku zinapita. Naye kila asubuhi angali anameza vidonge vinavyoliumiza ini lake.

Dawa hizi ni njema, zimeokoa wengi. Kwa kawaida hunywewa miezi 6: dawa 4 kwa miezi 2, kisha 2 kwa miezi 4. Tatu kati ya hizo, yaani isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, zaweza kulisumbua ini. Isoniazidi ilianza kutumiwa mwaka 1952. Miaka ile ile waganga waliona ya kuwa watu wawili wakimeza kipimo kimoja, mmoja huimaliza dawa mwilini upesi, mwingine hukawia. Sababu ni urithi. Ndani ya ini mna kitu kifanyacho kazi ya kuivunja isoniazidi, na kila mtu amerithi fungu moja kwa baba na moja kwa mama. Aliyepata mafungu mawili ya polepole, dawa hukaa ndani yake muda mrefu, na ini lake laweza kuumia kwa wepesi zaidi. Kwa Wajapani watu hao ni karibu 1 katika 10. Kwa Wazungu karibu nusu. Kwetu Afrika pia ni wengi. Si laana, wala si kosa la wazazi. Tena walio wengi kati yao humaliza dawa salama. Lakini kasiksi na pombe zote huongeza hatari, vilevile ugonjwa wa ini wa zamani. Dawa za miti nazo zaweza kuliumiza ini.

Usitishwe na mkojo mwekundu kama mawese. Hiyo ni rangi ya rifampisini tu. Tazama macho, nje penye mwanga. Yakiwa manjano, au mkojo ukiwa mweusi kama chai kali, au unatapika na chakula hukitaki kabisa, usimeze vidonge tena. Siku ile ile nenda kituo cha afya, navyo vidonge vyote mkononi. Usivitupe! Muganga atapima damu, atalipumzisha ini, kisha mara nyingi atarudisha dawa moja moja. Anayeacha na kukaa kimya nyumbani, kifua kikuu humrudia, na mara nyingine dawa zile hazikiwezi tena.

Kichefuchefu kidogo bila manjano si sababu ya kuacha, mwambie muuguzi.

Na kama ndugu yako wa tumbo moja aliwahi kuumizwa ini na dawa hizi, sema kabla ya kidonge cha kwanza. Wewe unayekimbia vita, funga karatasi yako ya matibabu pamoja na vidonge, uvibebe. Muuguzi wa huko uendako hakujui.